Nilimwambia mtafiti nimepona, kumbe nimelala sakafuni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita Ohio, Marekani. Ninahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku. Kipandauso ninacho tangu darasa la saba. Nyumbani mama alikuwa ananifunga kitambaa kichwani, ananilaza chumba chenye giza, kesho yake naamka mzima. Huku hakiishi kwa kitambaa.

Wiki iliyopita kilinishika Jumanne alfajiri natoka zamu. Nikameza panadol, nikatapika. Nikameza tena, nikatapika. Kufika Jumatano usiku hata taa ya friji siivumilii, mume wangu akanipakia kwenye gari hadi imejensi. Nikakaa kwenye kiti nimejifunika mtandio usoni sijui muda gani. Muuguzi akapima presha, daktari akanimulika macho, akanikunja shingo, akaniuliza kama nina mimba, akasema ni kipandauso. Nikajua sasa nachomwa sindano yangu nirudi kwa wanangu.

Badala ya sindano akaja kijana mmoja mpole, kavaa beji, kashika kishkwambi. Akasema wana utafiti: wanalinganisha dripu ya siku zote na dawa ya aina mpya, na hata daktari hatajua nimepata ipi. Alieleza kwa Kiingereza kama dakika kumi. Kiingereza ninakijua, Shangazi, ndicho cha kazini, lakini usiku ule kila neno lilikuwa msumari. Nikawa naitikia tu ndiyo, ndiyo. Nikatia sahihi kwa kidole.

Nikatundikiwa dripu, nikapewa na kidonge cha kuyeyukia mdomoni. Haijapita nusu saa nikaingiwa na kitu cha ajabu. Siyo maumivu. Ni kama mwili unataka kutoka ndani ya ngozi, miguu haitulii, natamani nichomoe sindano nikimbie. Nikaona aibu kusema, nikauma meno mpaka kikapita. Baada ya saa moja kijana akaniuliza kichwa kikoje: ni kikali sana, cha wastani, kidogo au hamna? Nikasema kidogo. Saa ya pili nikasema hamna, na kweli kilikuwa kimeisha. Nikaruhusiwa.

Ijumaa asubuhi kikarudi. Nikameza panadol mbili. Usiku wake, saa 48 zimetimia, yule kijana akapiga simu kama alivyoahidi. Ananiuliza naendeleaje. Nikamjibu: "Sijambo, nimepona kabisa, asante sana." Wakati huo nimelala sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae, maana ndipo penye ubaridi. Sijui kwa nini nilisema vile. Mtu kakupigia kukujulia hali, alikuhudumia vizuri, utaanzaje kumwambia dawa yako haikufaa? Akashukuru, akasema atapiga tena baada ya mwezi.

Mume wangu alisikia yote. Kwanza akanigombeza nimedanganya hospitali. Kisha akasema afadhali, wasipate kitu, kwa sababu wamenifanya panya wa majaribio. Mama nilipomweleza alilia kwenye simu. Alishasikia habari za Wamarekani weusi walioachwa na kaswende yao ili watu waandike utafiti. Anataka nijitoe. Mume anasema nikijitoa nitaletewa bili. Mimi sijui nimsikilize nani. Nimeharibu? Nijitoe? Na dawa niliyopata ni ipi?

Aliyesema Amepona, Ohio

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hilo la kwanza. Ndiyo, umeharibu, lakini ni kidogo, na kunatengenezeka kwa simu moja ya dakika tatu.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye mapokezi ya dharura miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, kwa hiyo jibu lako halikunishangaza hata kidogo. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mtu anatoka kuzika, ukimwuliza habari za tangu juzi anakujibu "nzuri", ndipo baadaye anaongeza "isipokuwa". Ukimsikiliza Mswahili mgonjwa, ugonjwa wote uko baada ya hilo "isipokuwa". Yule kijana alipata "nzuri" yako akakata simu, hakujua kwamba sentensi haijaisha. Namlaumu naye kidogo: angeuliza "umemeza dawa yoyote tangu utoke hapa?" ungemtajia panadol zako mbili, kwa sababu hilo ni swali la hesabu, halina adabu ndani yake. Pengine aliuliza, wewe hukusikia.

Sasa kwa nini walipiga saa 48 zilipotimia, badala ya kukuacha ulale? Dawa nyingi za dharura zinashusha kichwa ndani ya saa mbili. Kazi ni kukizuia kisirudi. Sisi wauguzi tulikuwa tunawaona wale wale: wameondoka wanacheka, kesho kutwa wamerudi na mtandio usoni. Ndiyo maana watafiti wanaojua kazi yao hawaishii kitandani. Wanahesabu kwamba dawa imefaulu pale tu kichwa kinaposhuka hadi "kidogo" au "hamna" ndani ya saa 2, kikakaa hivyo saa 48, na mgonjwa hajameza kitu kingine cha kutuliza. Simu uliyoipokea bafuni ndiyo kipimo chenyewe, mwanangu. Haikuwa simu ya kukujulia hali.

Nikupe mfano wa kweli uone simu hizo zinafanya nini. Kule Bronx, New York, daktari Benjamin Friedman na wenzake walilinganisha dawa mbili za mshipani kwa watu waliofika dharura na kipandauso. Moja ni proklorperazini, dawa ya zamani ya kuzuia kutapika, ikiandamana na difenhidramini, dawa ya mzio. Ya pili ni haidromofoni, ndugu wa mofini, ambayo hospitali nyingi za Marekani zilikuwa zinaichoma bila kujiuliza mara mbili, maana ina sifa ya ukali. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, wagonjwa wakiwa 127 tu. Kamati inayochungulia takwimu iliona tofauti ni kubwa mno, si haki kuendelea kumpa mtu ile iliyoshindwa. Waliopata nafuu iliyodumu saa 48 walikuwa asilimia 60 kwa proklorperazini, na asilimia 31 kwa haidromofoni. Matokeo yakachapishwa 2017. Leo mwongozo wa 2025 wa chama cha Marekani cha madaktari wa maumivu ya kichwa unasema haidromofoni ya mshipani isitolewe kwa kipandauso kwenye dharura.

Fikiria sasa wale 127 wangekuwa watoto wa Tanga wote, kila mmoja anajibu "nimepona kabisa, asante". Dawa zote mbili zingepata alama za juu. Haidromofoni ingeendelea kuchomwa watu hadi leo, na uraibu wake juu.

Kwa hiyo kati ya kujitoa na kusema uongo, bora ujitoe. Aliyejitoa anahesabiwa kuwa amejitoa, kila msomaji wa utafiti anamwona. Aliyedanganya kwa adabu haonekani popote.

Iko na habari ya dawa mpya, ingawa hukuuliza moja kwa moja, nami nina la kusema, kwa sababu mume wako anadhani mpya maana yake ni sumu isiyojulikana, na watu wengine wanadhani mpya maana yake ni bora. Wote wamekosea. Madaktari waligundua miaka ya 1980 na 1990 kwamba mtu akiwa ndani ya kipandauso damu yake inajaa chembe moja ya protini iitwayo CGRP, inayotanua mishipa na kuwasha neva za uso. Wakatafuta namna ya kuizuia, na humo ndimo zilimotoka dawa hizi za aina mpya. Moja ya majaribio ya mwanzo, telkagepanti, liliachwa 2011 kwa hofu ya ini. Zilizofuata zikapita: ubrogepanti ilikubaliwa Marekani mwishoni mwa 2019, rimegepanti ya kuyeyukia mdomoni mwanzoni mwa 2020, na zavegepanti ya kupuliza puani 2023. Uzuri wake ni kwamba hazibani mishipa ya damu. Zile za kabla yake, sumatriptani na jamii yake, zinabana, ndiyo maana mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi hapewi.

Lakini tazama alama zao. Zavegepanti, kwenye utafiti wake mkubwa, iliwaondolea maumivu kabisa ndani ya saa 2 watu 24 kati ya 100. Waliopuliziwa dawa bandia, yaani isiyo na dawa ndani, walikuwa 15. Ni tofauti ya kweli, hakuna anayeikataa, ila si muujiza. Tena wale walikuwa watu wa nyumbani: kichwa kimeanza, unachukua dawa yako, unajaza daftari. Hawakuwa wewe, uliyetapika siku mbili, hujala, hujalala, mwili umeshakauka. Na walilinganishwa na dawa bandia, hawakulinganishwa na dripu ambayo daktari wa zamu angekupa kwa vyovyote.

Iko na eptinezumabu, ya dripu, iliyotengenezwa kwa kinga lakini wakaijaribu mtu akiwa katikati ya maumivu. Matokeo yalitoka 2021, watu 480. Waliopata dawa walichukua kama saa 4 hadi maumivu kuisha, wa dawa bandia kama saa 9. Inatia moyo. Hata hivyo walipewa ndani ya saa 6 tangu kichwa kianze. Nani anafika imejensi ndani ya saa 6? Kwanza unangoja kipite, kisha unangoja mume atoke kazini, kisha unangoja foleni.

Hapo ndipo lilipo pengo, na ndiyo sababu kuna kijana mwenye kishkwambi saa nane ya usiku. Hakuna anayeweza kuapa kwamba dawa iliyofaa kwenye kochi la nyumbani itafaa kwa mtu aliyefika hoi. Lazima ijaribiwe pale pale, dhidi ya dripu ya zamani yenye bei ya chini. Mimi sina upande. Ikishinda, vizuri. Isiposhinda, nchi kama zetu zitakuwa zimeepushwa kununua kitu cha bei mbaya kwa sababu tu ni kipya.

Nije kwa mama yako, ambaye namheshimu, na sitaki umwambie kwamba hajui asemalo. Anajua. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba katika miaka ya 1940, hawakupewa. Watu walikufa, wake waliambukizwa. Kutokana na aibu hiyo Marekani ikatunga sheria mwaka 1974, na leo kila utafiti wa namna ya kwako hauanzi kabla kamati ya maadili haijaupitia. Mwambie mama tofauti iliyo muhimu: wale walinyimwa dawa inayojulikana na wakafichwa. Wewe, kwa ulivyonieleza, umepewa dripu na kidonge. Kwa kawaida utafiti wa hivi, kimoja kina dawa na kingine hakina kitu, ili asijue yeyote. Ila pande zote mbili mgonjwa anapata dawa moja ya kweli. Tena ungeomba dawa ya ziada kichwa kikigoma, ungepewa. Ungekuwa umewekwa kwenye dawa bandia peke yake, bila ahadi ya kuokolewa upesi, hata mimi ningekuambia usitie sahihi, na ningesimama upande wa mama.

Kuna jambo moja tu kwenye barua yako lililonikera, na hujalilalamikia. Ni ile ridhaa. Mtu anayetapika, anayeogopa hata mwanga wa kishkwambi, anasomewa karatasi dakika kumi kwa lugha ambayo si yake. Kanuni za utafiti huko zinataka maelezo yawe kwa lugha unayoielewa, na hospitali za Marekani zina wakalimani wa simu, wa Kiswahili wakiwemo. Sisemi yule kijana alikuwa na nia mbaya. Ulimwitikia kwa Kiingereza kizuri, akaridhika. Lakini ndiyo ya mtu anayetaka kelele zikome ni ndiyo nyembamba sana. Una haki ya kudai usomewe upya, sasa hivi, kichwa kikiwa kimetulia, kwa Kiswahili, ndipo uamue kama bado umo au humo. Ukiona haikukai moyoni, toka. Huhitaji sababu.

La bili lisikutie hofu. Kujitoa hakukuletei adhabu. Gharama za matibabu ya kawaida na gharama za utafiti zimeandikwa ni nani anazilipa, kwenye karatasi uliyotia sahihi. Kama huna nakala, omba. Humo ndani mna namba ya mtafiti na namba ya kamati ya maadili. Wanaweza kubaki na taarifa ulizokwisha kutoa, hilo nalo limeandikwa humo, uliza.

Dawa uliyopata sijui, na yule kijana naye hajui, na hiyo ni sehemu ya uaminifu wao. Kwa kawaida siri inafunguliwa mapema ikiwa tu mgonjwa yuko hatarini. Najua utaanza kupiga ramli kwa kile kitu cha kutaka kutoka ndani ya ngozi. Kina jina, akathizia. Proklorperazini na metoklopramaidi, dripu za siku zote, zinakileta mara nyingine, hasa zikiingizwa kwa haraka, na ndiyo maana wengi wanaongezewa difenhidramini. Siyo wazimu, siyo jini, siyo uoga. Lakini mtu asiyelala siku mbili naye anaweza kutotulia, kwa hiyo acha ramli. Lililo la lazima ni kuwaambia. Uliuma meno ukaificha, mwanangu, na hiyo imeniuma kuliko hata ile "nimepona". Mtu akificha hilo, anayefuata atachomwa kwa kasi ile ile. Na wewe binafsi unatakiwa umwambie kila daktari kuanzia sasa: nikipewa dawa za jamii hii mwili hautulii.

Jambo jingine, kwa pembeni. Hizo panadol unazozitaja, ni siku ngapi kwa mwezi? Zikifika siku 15 au zaidi, mwezi baada ya mwezi, zenyewe zinaanza kuzaa maumivu ya kichwa. Kwa sumatriptani ni siku 10. Mtu wa zamu ya usiku anafika huko bila kujua. Mwone daktari wako wa kawaida akupe dawa ya kinga, na mtaje na uzazi wa mpango: kama kabla ya kichwa unaona vimeta au mistari inayometameta, vidonge vyenye estrojeni havikufai, vinaongeza hatari ya kiharusi. Na siku kichwa kikija kwa pigo moja ghafla, kibaya kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, au kikaja na homa na shingo ngumu, au mkono ukalegea, usijiambie ni kile kile cha darasa la saba. Piga simu ya dharura usiku huo huo.

Sasa chukua simu kabla hujaingia zamu. Usianze na habari zake na za familia yake, utapotelea huko. Sema hivi: "Nilikuambia nimepona, haikuwa kweli. Kichwa kilirudi Ijumaa asubuhi, nikameza panadol mbili. Na nilipokuwa kwenye dripu mwili haukutulia, sikusema. Naomba mkalimani wa Kiswahili nisomewe ile karatasi tena." Hatakukasirikia. Ataandika tarehe, ataandika kwamba umesahihisha, wao ndio watajua wanalihesabuje.

Mama mpigie baada ya hapo, siyo kabla.

Shangazi